Siku Ishirini za Mwalimu Abdulatif

Ghubani, kusini ya Ilagala
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mke wangu Kuruthumu,

Assalaamu alaykum. Nimefika jana alasiri, mzima wa afya. Kibanda cha marehemu mjomba wako bado kimesimama, ila mlango umeliwa na mchwa na nyani wamekifanya chao. Nimefagia, nimetandika mkeka, nimekwisha kuwa mwenyeji.

Wazee wa kamati ya msikiti wakija kuuliza, waambie jibu lao watalipata siku ishirini zikitimia. Imamu wetu amehamia Tabora kwa mwanawe, najua, na mahali pake ni patupu. Lakini kuwaongoza watu katika sala si jambo la kuitikia kwa kutikisa kichwa. Nataka kwanza nikae mimi na Mola wangu, pasiwe na mtu wa kuniita “Mwalimu”.

Simu iache kabatini. Hata ningeibeba, hapa mtandao haufiki. Huyo mtu wa boti uliyeahidi kumtafuta, mkumbushe kama tulivyopatana, aweke chakula kila Jumanne na Jumamosi juu ya mwamba bapa ulio majini, achukue barua yangu chini ya jiwe, aende zake. Nitashuka akishaondoka. Si kiburi. Ni nadhiri niliyojiwekea, nisizungumze na mtu nikiwa hapa, isipokuwa kusalimia nikienda Ijumaa kijijini.

Alfajiri ya leo nimetawadha ziwani. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo kwa muda mfupi, kisha ukungu ukaifunika. Nilisali juu ya mwamba, na nilipotoa salamu kulia na kushoto hapakuwa na mtu upande wowote. Nilijisikia mwepesi.

Umekaa nami miaka ishirini na minane na hujawahi kulala nyumba hiyo peke yako. Nakushukuru kwa kukubali.

Mumeo,
Abdulatif

*

Ujiji
Jumamosi, 13 Julai 2024

Baba Safina,

Waalaykumu salaam. Barua imefika, nimeisoma mlangoni nikiwa nimesimama, vitumbua vikaungua.

Mimi mzima. Safina amepiga simu kutoka Dodoma, anauliza baba ana nini. Nikamwambia hana kitu, anasali. Akasema, “Mama, watu husali nyumbani.” Na jirani yetu Mwanvua amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba umekwenda kuoa mke wa pili huko kusini. Nikamwambia huyo mke akipatikana nitampokea kwa mikono miwili, ana kazi ya kufua kanzu saba inamsubiri.

Bwana Athumani, katibu wa kamati, amekuja mara mbili. Mara ya pili alikunywa chai vikombe vitatu akitegemea nitasema kitu. Sikusema, kwa sababu sijui kitu.

Hilo ndilo ninalotaka kukuuliza. Siku wazee walipokuomba uimamu ulikuwa umekaa pale kwenye jamvi, na mimi nilikuwa nikileta sinia. Niliona mikono yako ikitetemeka. Ukaificha chini ya kanzu. Mtu anayefikiria jambo la heri hatetemeki vile. Kama unaumwa, niambie. Nimelala nikiwaza kwamba umekwenda huko kuficha ugonjwa.

Mtu wa boti nimempata. Ni mtu mzima anayepeleka bidhaa vijiji vya kusini, hapo ghubani anapita njia yake. Nimekuwekea unga wa muhogo, samaki migebuka wakavu, chupa ya mawese na limau. Usile migebuka yote siku moja, nakujua.

Mkeo,
Kuruthumu

*

Ghubani
Jumanne, 16 Julai 2024

Mke wangu,

Siumwi. Ondoa hofu kabisa. Nimepungua kidogo tumboni, nalo halikuwa jambo baya.

Leo nimefunga Tasua, siku ya tisa ya Muharamu, na kesho inshallah nitafunga Ashura. Sijawahi kufunga mahali patamu kama hapa. Asubuhi nasoma juzuu mbili, kisha napanda kilimani kutafuta kuni, nikirudi nakaa tu. Kuna ndege mmoja, mnandi, anakuja kila siku kwenye jiwe lile lile, anatandaza mabawa ayakaushe, na hana haraka ya kitu chochote. Nimemtazama mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyoishi mbio.

Ijumaa nilikwenda kusali kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nikasalimia, nikasali, nikarudi.

Alhamisi nyani waliingia wakala unga wote ule niliokuja nao. Sasa sikiliza ajabu. Jumamosi niliporudi kutoka kilimani, boti imekwisha ondoka, nikakuta vitu vyangu juu ya mwamba, na kibandani nikakuta mlango mpya! Mbao nzima, bawaba mbili, komeo la waya. Na ndani ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ya kuwekea unga. Mtu huyo ameona mlango ulivyo, akabeba vifaa, akaufanya, na hakungoja hata asante. Sijui kama mimi ningeifanya kazi hiyo kwa mtu ninayemjua, seuze nisiyemjua. Niandikie jina lake. Kila sala namwombea “yule mwenye boti”, nataka nimwombee kwa jina.

Kuhusu mikono iliyotetemeka, ulichoona uliona. Nilikuja hapa kumwuliza Mungu kuhusu uimamu. Siku tisa sasa, na kuhusu uimamu sijapata hata neno moja. Kila nikinyamaza linanijia jambo jingine kabisa, la zamani. Niache kwanza nalo.

Mumeo,
Abdulatif

*

Ujiji
Jumamosi, 20 Julai 2024

Baba Safina,

Alhamdulillah kwa mlango. Jina la mwenye boti Mungu analijua, na dua haipotei kwa kukosa jina. Nitakutajia ukirudi.

Nimefurahi huumwi. Nimefurahi sana, hata nilimpa Mwanvua vitumbua vya bure, akashangaa.

Nimelifikiria hilo jambo lako la zamani. Nami nina kumbukumbu zangu. Watu hapa Ujiji wanasema hakuna mwalimu wa chuo cha Qurani mpole kama wewe, hujawahi kumpiga mtoto. Wanaosema hivyo ni wale wenye watoto wadogo. Mimi nakumbuka kiboko kilichokuwa kikining'inia nyuma ya mlango wetu, na nakumbuka kilivyotoweka. Ulikivunja ukakitia jikoni, ukadhani sikuona. Ni miaka tisa.

Sikulazimishi. Lakini kama ndilo hilo, usilinyamazie tena.

Nimeweka mchele kidogo na sukari. Upikie siku ya furaha.

Kuruthumu

*

Ghubani
Jumapili, 21 Julai 2024

Kuruthumu,

Ulijua kwamba mwenye boti ni Nuhu, ukaninyamazia.

Nimelijua Ijumaa kijijini. Baada ya sala mzee mmoja alinishika mkono akasema, “Ndugu yako Nuhu anakupenda. Alikuja kuazima msumeno hapa kwangu akutengenezee mlango.” Nilibaki nimesimama pale na viatu mkononi.

Jana boti ilipokuja nilijificha nyuma ya kichaka kama mwizi. Nilimwona akipanga vitu juu ya mwamba, kimoja kimoja. Kisha akakaa, akatazama juu kibandani kwa muda mrefu. Nilitaka kushuka, na nadhiri nilikuwa nimekwisha iacha moyoni. Ila nilibaki kichakani mpaka alipoondoka.

Nitakuandikia sasa jambo ambalo hata wewe hulijui. Unajua nilimpiga binti yake, Lulu, chuoni, alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Viboko vitatu vya mkono, mbele ya wageni waliotoka Tabora. Unajua nilisema alinikosea adabu, na kwamba hakurudi tena chuoni, na kwamba mimi na baba yake hatujasalimiana mpaka leo.

Alichosema mtoto hukukijua. Nilikuwa nasoma Qurani mbele ya wageni wale, sauti yangu nikiisikia mwenyewe jinsi ilivyo nzuri, nikaruka maneno mawili. Hakuna aliyegundua. Lulu alikuwa mbele yangu hapo, akasema taratibu, kwa heshima, “Mwalimu, umeruka.” Nikamwambia amekosea. Akasema, “Sijakosea, Mwalimu.” Ndipo nikanyanyuka.

Sikumpiga kwa sababu alikosea. Nilimpiga kwa sababu alisikia sawasawa.

Jioni ile Nuhu alikuja akasimama mlangoni kwetu, akaniuliza, “Mwanangu alisema nini?” Nikamjibu, “Alikosa adabu.” Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Hapa ghubani ni rahisi kuwa mtu mwema. Hakuna niliyemkosea ila nyani. Nimesali, nimefunga, nimelia hata, na kila nikiinuka kwenye sajada najua kwamba haki ya mtoto yule haiko mbinguni peke yake. Iko kwake. Nimemwandikia Nuhu nikamwekea chini ya jiwe pamoja na barua hii.

Abdulatif

*

Ujiji
Ijumaa, 26 Julai 2024

Baba Safina,

Siku mbili sikuweza kukuandikia.

Kuhusu Nuhu, nisamehe. Nilizunguka gatini kutafuta boti, hakuna anayesimama kwenye ghuba yako. Yeye alinisikia nikiulizauliza, akaja akasema, “Mimi napita huko.” Nikamwambia ni chakula cha nani. Akasema, “Najua ni cha nani. Lete.” Ningekwambia, ungekula?

Hilo la pili ndilo lililoniumiza. Miaka tisa, kila nikikutana na mama yake Lulu sokoni, namwambia watoto wa siku hizi wanahitaji kufundishwa adabu. Namwambia mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu nilikuamini. Umenifanya niuseme uongo wako bila kujua kwamba ni uongo.

Jana nilikwenda kwao. Tulikaa uani, tukachambua mchicha wote. Nilimwambia mama yake yale tu yaliyo yangu, nikamwomba radhi. Yako nimekuachia mwenyewe. Alinifungia mchicha nusu nije nao.

Bado nina hasira nawe. Lakini nikikupima, nakuona u mwepesi kuliko mume niliyekuwa naye mwezi uliopita. Yule alikuwa akigeuka-geuka kitandani miaka tisa nami nikidhani ni mgongo.

Rudi nyumbani siku zikitimia. Nitakugombeza, kisha tutakula.

Kuruthumu

*

Ujiji
Jumamosi, 27 Julai 2024

Mwalimu Abdulatif,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika. Barua yako niliyoichukua Jumanne nimeisoma nikiwa ziwani, nikazima injini.

Usinishukuru sana kwa mlango. Safari ya kwanza nilibeba chakula chako nikiwa na hasira, nilitaka nikuone umekonda. Safari ya pili nilikuona kwa mbali juu ya kilima una mzigo wa kuni kichwani, umeteleza, umekaa chini, umecheka peke yako. Sijakuona ukicheka tangu tukiwa vijana. Nikaona hasira yangu haina maana tena, nikautengeneza mlango.

Sikuwa nimejua kwamba mwanangu alisema kweli. Siku ile nilimwuliza, akaniambia, “Mwalimu aliruka.” Nikamtetea kwako, lakini moyoni nilikuwa na shaka naye. Hilo ni langu, nitalimaliza na yeye.

Unaniomba msamaha. Sina wa kukupa. Aliyepigwa ni Lulu. Yuko Simbo, anafundisha watoto wa chekechea. Mwandikie yeye. Nitaipeleka mwenyewe.

Leo barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako, kisha nitakaa kwenye mwamba nikikungoja. Ukitaka shuka, usipotaka nitaondoka saa tisa, upepo ukitulia.

Nuhu

*

Ghubani
Jumapili, 28 Julai 2024

Kwa Lulu binti Nuhu,

Assalaamu alaykum. Anayekuandikia ni Abdulatif, aliyekuwa mwalimu wako. Baba yako amelala hapa kibandani kwangu jana, boti ameifunga, na atakuletea barua hii kwa mkono wake. Tumekula wali na sukari. Asubuhi tumesali pamoja.

Sitazunguka. Siku ile chuoni niliruka maneno mawili. Ulisikia vizuri. Ulinisahihisha kwa adabu, kama nilivyokufundisha mwenyewe. Mimi nikaona aibu mbele ya wageni, nikakupiga, kisha nikawaambia watu kwamba ulikuwa huna adabu, na nikawaacha waamini hivyo miaka tisa. Nilikuwa na wanafunzi arobaini, na wewe ulikuwa na sikio kuliko wote, kuliko langu.

Sikuandikii ili nipate usingizi. Nimeombwa kuwa imamu, lakini hata kama nisingeombwa, deni hili lingekuwa lako. Sikuombi unisamehe haraka. Unaweza kukataa. Nakuomba tu ujue kwamba hukukosea.

Mwalimu wako wa zamani,
Abdulatif

*

Simbo
Jumatano, 31 Julai 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, nikaitupa chini ya kitanda. Mara ya tatu niliitoa, nikaisoma, nikaenda kula.

Viboko nilishavisahau zamani, mkono ulipona wiki ile ile. Nitakwambia kitu ambacho hakikupona. Tangu siku ile, kila nikisikia mtu amekosea, najiuliza kama ni mimi niliyesikia vibaya. Darasani nilikuwa najua jibu nanyamaza. Kwenye mtihani nilifuta majibu sahihi nikaandika yasiyo sahihi. Baba aliniuliza siku ile, “Una hakika?” na sauti yake haikuwa na hakika. Mtu mmoja tu hapa duniani alijua kwamba nilikuwa sawa, naye ni wewe, na ulikaa nalo.

Kumbe sikukosea. Jana nimetembea na neno hilo kutwa nzima, mpaka watoto wangu wa darasa wakaniuliza, “Dada Lulu, mbona unacheka?”

Kwa hiyo haya. Viboko nimekusamehe, kwa moyo mmoja. Uongo bado. Uliusema mbele za watu, na si mimi niliyeambiwa, ni wao. Ukishawaambia ukweli, niandikie. Sitaki uache uimamu. Sitaki uadhirike. Nataka tu wale waliosikia la kwanza wasikie na la pili.

Watoto hapa wanaanza kupigana kwa ajili ya chaki. Wasalaam.

Lulu

*

Ujiji
Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mwanangu Lulu,

Mwalimu amesema nikuandikie mimi, kwa sababu akikuandikia mwenyewe atajipunguzia kosa au atajizidishia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, nimesikia kila neno.

Aliporudi Jumatatu sikumtambua. Amekuwa mweusi kwa jua, na ndevu zake mvi tupu. Nilimgombeza kama nilivyokuwa nimeahidi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakujitetea hata mara moja, mpaka mimi mwenyewe nikachoka.

Jana Ijumaa, sala ilipokwisha, alisimama akaomba watu wasiondoke. Akasema, “Mmekuwa mkingoja jibu langu. Kabla ya jibu nina jambo.” Akalieleza lote. Wageni wa Tabora, maneno mawili, wewe, kiboko. Akataja jina lako, akasema, “Lulu binti Nuhu alisema kweli, na mimi nilisema uongo.” Sauti haikutetemeka. Mwanvua akanishika bega.

Bwana Athumani akasema, “Mwalimu, hayo ni ya zamani. Mtoto amekuwa mtu mzima sasa.”

Akamjibu, “Kwako ni ya zamani, Bwana Athumani. Yeye kweli yake ameipata wiki hii.”

Mzee mmoja akauliza, “Kwa hiyo uimamu unaukataa?”

“Siukatai. Nilitaka mjue mnamwomba nani.”

Hapo, mwanangu, nikasikia jamvi likikwaruza na mtu akinyanyuka safu ya tatu. Alikuwa baba yako. Akasema, “Mimi nitasali nyuma yake,” akakaa. Basi. Kamati ilikutana alasiri na imekwisha kata shauri, ataanza Ijumaa ijayo.

Amerudi nyumbani akalala fofofo kama mtu aliyebeba magunia bandarini. Sikumwamsha mpaka alasiri.

Mimi nami nilikusema vibaya kwa miaka mingi. Mama yako nimemwomba radhi, nawe nakuomba. Jumamosi ijayo, kama huna kazi, njoo.

Mama yako,
Kuruthumu

*

Simbo
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mama Kuruthumu,

Shikamoo. Baba alinipigia simu Ijumaa ile ile kabla barua yako haijafika. Alinieleza yote, kisha akaniambia, “Nilipaswa kukuamini tangu siku ile.” Alikuwa analia, akasema ni vumbi la barabarani. Alikuwa ndani ya boti.

Nami sina kinyongo nawe hata kidogo.

Mwambie Mwalimu nimesamehe yote mawili. Jumamosi nitakuja, lakini asinitolee msahafu nisome wala asinipe heshima ya mgeni. Nitakaa nawe jikoni, tutapika migebuka kwa mawese, nitakula mpaka nishibe, na yeye ndiye atakayeosha vyombo.

Lulu